Babu, Jiko la Bi Shirin Limewaka

Babu yangu,

Limewaka. Najua ungetaka kusikia hilo kwanza, kabla hata ya salamu.

Unakumbuka tulivyolipata? Tulikwenda duka la Wahindi kule Irving kununua dengu, ukaanza kupiga soga na yule mama wa Kihindi aliyekuwa mbele yetu kwenye foleni, naye akakujibu kwa Kiswahili cha Tanga mpaka watu wakageuka. Ukamuuliza habari za majiko ya zamani. "Jiko la pampu, la mafuta ya taa? Ninalo la marehemu mama. Lilitoka India, likapikia Tanga, sasa limekaa gereji kwangu, panya wanalitazama tu." Ulicheka hadi ukasahau dengu. Tulipokwenda kulichukua, lilikuwa jeusi kama sufuria la shughuli. Bi Shirin akatuonyesha kulisugua kwa ukwaju, na shaba ikaanza kuchungulia, ya njano, taratibu. Ukalipanga na wenzake kwenye kibaraza, yote ya Kihindi, mengi mabovu. Mama akasema, "Baba, wazee wenzako wanakusanya stempu."

Sasa nikwambie kitu ambacho sikukwambia. Sikuyapenda majiko yenyewe. Nilipenda kelele zake.

Tulikuwa tunashuka nalo nyuma ya maegesho. Unamimina spiriti kwenye kile kikombe, unawasha, unangoja kichwa kipate moto, unapampu, na ule moto wa buluu unaanza kunguruma. Hapo ndipo uliponiambia, "Haya bosi, sema." Na mimi ninayeogopa kuitika jina langu darasani, nilisema. Kiingereza, Kiswahili, vyote chungu kimoja. Sijui ulisikia nini. Ulikuwa unaitikia kwa kichwa tu, na kila sauti yangu ilipoanza kutetemeka uliongeza pampu.

Tangu tukuzike hakuna aliyeyagusa. Tena Babu, hakuna aliyekutaja. Mama anatoka kazini hotelini, anakula, analala. Kisha akaniambia tunahamia mji mwingine, Missouri City, kwa mama mdogo, na majiko yote atapewa bwana mmoja anayeuza vitu vya kale. "Una neno?" akaniuliza. Nikasema, "I'm fine." Unanijua.

Siku moja kabla ya huyo bwana kuja, nikalishusha la Bi Shirin peke yangu. Ile ngozi ya pampu ilikuwa imekauka, nikailainisha kwa mafuta kama ulivyonifundisha. Nikazibua tundu kwa pini. Sikungoja kichwa kipate moto vizuri, likatema mwali wa njano na moshi, nywele zangu za mbele zikanuka kuungua. Mama akaja mbio na sare yake ya kazi.

"We mtoto! Unataka watufukuze kabla hatujahama?"

Ndipo likanguruma. Nami nikafungua mdomo. Nikamwambia asimpe yule bwana hata moja. Nikamwambia nyumba imekuwa kimya hadi naogopa kurudi kutoka shule. Nikasema mengi, kwa nguvu, nikisahau kwamba kupampu sasa ni kazi yangu. Mngurumo ukapungua, ukawa kama mtu anayepumua usingizini, ukaisha. Ukabaki mwali mdogo unacheza bila sauti, na mimi bado napiga kelele, maegesho mazima, jirani ametoa kichwa dirishani:

"Hata jina lake hulitaji!"

Babu, nilitamani lami ipasuke niingie.

Mama hakunigombeza. Alichuchumaa, akashika pampu bila kuitafuta, kama mtu anayeshika kitasa cha mlango wa kwao. Akapampu mpaka likanguruma tena.

"Unadhani wewe ndiye wa kwanza?" akasema. "Kwamba nina wewe tumboni, nilimwambia jiko likiwaka. Kule kwetu, jikoni."

"Akasema nini?"

"Akaongeza pampu."

Halafu akaendelea kusema. Kuhusu wewe, kuhusu hospitali, kuhusu simu ambayo hakuiwahi. Mengine sikuyasikia vizuri, naye hakurudia. Nikawa naitikia kwa kichwa. Sauti yake ilipoanza kutetemeka, nikashika pampu.

Majiko yote yanahama nasi, Babu, yamefungwa kwenye mablanketi yako. Pumzika. Mama anakusalimia, safari hii ni yeye mwenyewe aliyesema nikusalimie.

Mjukuu wako,
Bosi