Baba Alivyong'oa Magugu kwa Bridget

Ashcombe,
Jumatatu, mwezi wa Mei

Mdogo wangu mpendwa Alastair,

Pokea salamu zetu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo wewe, na wifi yangu Joanne hajambo, na watoto? Ni matumaini yangu barua hii itawakuta wazima huko Hobart, ingawa najua kwenu baridi ndiyo kwanza inabisha hodi. Sisi hatujambo. Shemeji yako Graham analalamikia goti lake, na analalamika zaidi nikimwambia alipumzishe. Baba mzima, ila macho yanazidi kufifia, na siku hizi akimwaga chai husema mimi ndiye niliyekihamisha kikombe.

Nakuandikia kwa sababu jana ilikuwa Jumapili ya bustani, na yaliyotokea siwezi kukueleza kwa simu bila kulia. Unaijua siku yenyewe: watu wanafungua malango ya nyumba zao, unalipa kidogo langoni kwa ajili ya wagonjwa, unazurura katika maua ya mwenzio huku ukichungulia jikoni kwake, halafu unakula keki. Graham alibaki na goti lake. Nikaenda na Baba, pamoja na Beryl, yule shoga wa Mama, na mumewe Desmond.

Mwaka huu kulikuwa na jambo. Ramani ya bustani ilipogawiwa kijijini, niliona nyumba ya dada yetu Bridget imo, kwa mara ya kwanza. Najua hupendi kukumbushwa, lakini nivumilie. Miaka saba imepita tangu Mama afe, na tangu hapo Baba na Bridget hawajapeana hata "habari za asubuhi". Baba alitaka Mama afie kitandani kwake, mbele ya dirisha la bustani. Asubuhi moja Baba ameenda kuchukua dawa, Bridget akaja na gari, akampeleka Mama kwenye ile nyumba wanakouguzwa walio katika siku zao za mwisho. Akafia huko. Siku ya mazishi Baba akamwambia Bridget mbele za watu kwamba amemwibia mke wake na asikanyage tena kwake. Bridget hakujitetea. Wewe ukampigia simu, ukamwambia uliyomwambia, na hujampigia tena mpaka leo. Mimi nikabaki katikati yenu, kila mmoja ananiuliza habari za mwenzie huku akijifanya hataki kuzijua.

Basi nilipanga tuzunguke bustani zote tuiruke hiyo moja. Tulianza kwa mwalimu mstaafu, na Baba akaona kasoro katika kila waridi. Huyu haoni kikombe mezani, lakini ugonjwa wa waridi anauona kutoka barabarani! Mwenye bustani akatuambia tungekuja wiki iliyopita tungeona mambo. Bustani ya pili nayo vivyo hivyo, mambo yalikuwa wiki iliyopita. Desmond akauliza kwa nini basi hawatualiki hiyo wiki iliyopita. Beryl naye alikuwa na mkasi mdogo mkobani, na kila tulipotoka mahali mkoba ulizidi kuvimba. Nilimwambia ni wizi, akanijibu kwamba kitawi kikiombwa hakishiki mizizi, kikiibwa ndiyo kinashika, na mimi niangalie yangu.

Tulipokaa kunywa chai na skonzi, nikasema haya, tumechoka, twendeni nyumbani. Baba akasema yeye hajachoka, na kwamba imebaki bustani moja. Beryl akapaliwa na keki. Nikamwambia Baba kwa upole kwamba labda Bridget hatapenda. Akanijibu kwamba kibao kiko langoni, kinasema mtu yeyote akilipa aingie, na yeye ni mtu yeyote.

Alastair, nilielewa ghafla. Mzee huyu asingeweza kwenda kwa binti yake bila kualikwa, na Bridget asingeweza kumwalika. Siku hii moja tu katika mwaka mzima angeweza kuingia bila yeyote kati yao kuinamisha kichwa. Alikuwa ameisoma ile ramani kwa kioo chake cha kukuzia kabla yangu mimi ninayejiona mwenye akili.

Langoni tulimkuta Bridget mwenyewe anakata tiketi. Amezeeka, mdogo wangu, nywele zimekuwa nyeupe kama za Mama. Baba akavua kofia, akalipa. Bridget akamkabidhi tiketi, akamwambia kama alivyokuwa akimwambia kila mgeni: karibu, angalia ngazi, zinateleza. Baba akasema, "Asante, bibie." Bibie! Binti yake wa kumzaa. Nilitamani ardhi inimeze.

Akaingia. Hakukosoa waridi hata moja, na hilo lilinitisha kuliko kelele zote alizopiga mchana kutwa. Bustani ni nzuri, tena nzuri hasa. Kufika kwenye tuta la maua ya peoni, pale pembeni ya ukuta, akasimama. Lile gugu la kujisokota, lenye maua meupe, lilikuwa limeanza kuzipanda peoni. Huku kwetu unaweza kuisema bustani ya mtu ukishafika kwako mpaka usiku wa manane, lakini kugusa gugu lake mbele ya wageni ni sawa na kuzifuta sahani za mwenyeji kabla hujala. Baba anaijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Akapiga magoti, akaanza kung'oa.

Wageni wote wakageuka kuangalia mawingu. Desmond akamnong'oneza ainuke bwana, watu wanatazama. Baba akasema watu wamelipa ili watazame, basi watazame. Nikamwona Bridget ameacha lango anakuja, uso mwekundu, nami nikasema moyoni leo ndiyo leo, atamfukuza baba yake mbele ya kijiji kizima. Akasimama juu yake. Kisha akamwambia kwamba anakata juu tu, mzizi anauacha, na gugu hili lazima ulifuate chini. Baba akajibu, sauti ndogo mno, kwamba mzizi hauoni. Bridget akapiga magoti, akaushika mkono wa Baba, akauweka juu ya mzizi. Wakang'oa pamoja mpaka tuta likaisha. Beryl alikwenda kukata tiketi langoni huku akilia, na kumwambia kila aliyeingia kwamba angekuja wiki iliyopita.

Wageni walipoondoka tukakaa jikoni kwa Bridget. Hapo Beryl akashindwa kujizuia. Akasema amechoka kufunga mdomo, marehemu amsamehe. Ni Mama mwenyewe aliyemwomba Bridget ampeleke kule. Beryl alikuwepo. Mama alisema hataki mumewe Leonard alale miaka iliyobaki katika kitanda alichofia mkewe, akawaapisha wote wawili wasimwambie. Bridget akaficha uso mikononi. Mimi nikamgeukia Baba, nikidhani nitamwona anavunjika.

Baba akasema alijua.

Alijua tangu kabla ya mazishi. Mama alimwambia mwenyewe kule, jioni yake ya mwisho, na akamsihi asimgombeze mtoto. Lakini alikuwa na hasira, alisema, hasira iliyomnyima usingizi, kwa sababu mke wake alichagua kwenda kufa mbali na kitanda chao, wala hakumuuliza. Kumkasirikia mtu aliyekufa hakuweza, kwa hiyo akamkasirikia aliye hai. Alidhani itakuwa ya siku mbili tatu. Kisha hakujua jinsi ya kurudi nyuma, na kila mwaka uliopita njia ilizidi kuwa ndefu.

Sikufichi, nilitaka kumpiga. Bridget aliinuka, akaenda kuosha vikombe, akavunja kimoja. Aliporudi alimwambia, "Miaka saba, Baba." Baba akasema ndiyo. Bridget akamwambia ni mzee mbaya. Baba akasema ndiyo. Binti akalia sana, nasi tukamwacha alie. Mwisho akajifuta na taulo ya vyombo, akamwambia magugu hayajaisha, aje Jumatano, tena apitie mlango wa jikoni, kwa sababu lango la mbele ni la wageni.

Sasa nakuja kwako, mdogo wangu. Asubuhi hii Baba alinijia mwenyewe, kwa fimbo yake, akaniomba nikuandikie kwa kuwa macho yake hayawezi. Anakumbuka usiku ule ulipompigia simu kutoka huko, ukamuuliza kama ni kweli Bridget alimchukua Mama bila ridhaa yake, naye akakujibu ndiyo. Maneno yafuatayo ni yake, ninayaandika kama alivyoyasema, na amekaa hapa kando yangu kuhakikisha sipunguzi: "Alastair, nilikudanganya. Dada yako hakukosa. Umenibebea hasira isiyo yako, nami nikakuacha uibebe kwa sababu ilinifariji kuwa na mwenzangu. Itue, mwanangu. Nikasirikie mimi, maana mimi bado niko hai."

Beryl na Desmond wanakusalimu sana. Graham anakusalimu, na goti lake pia. Wabusu watoto kwa niaba ya shangazi yao, na umwambie Joanne nimepata mbegu alizoniagiza.

Bridget hajui kwamba ninakuandikia. Namba yake ni ile ile. Mkimaliza kula cha jioni huko, huku ni asubuhi, naye huwa peke yake jikoni na chai yake. Mpigie, Alastair.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Lorna