Wageni Waje Wakalie Nini?

Binti yangu ameingia nyumba yake mwenyewe, vyumba viwili na jiko, kajenga kwa cherehani. Mpendwa mshauri, najua salamu hutangulia, lakini furaha haina foleni. Naomba msaada. Huyu ni kitindamimba wangu, fundi wa nguo, mshono wake ukiugeuza hujui ndani ni wapi na nje ni wapi, sijisifu, nasema kweli, na mimi nikifurahi mdomo hauna breki, nikawatangazia kina mama wa kikundi chetu kuwa sebuleni ataweka makochi mapya ya dukani, yale ya kona, na wote wanakuja kuyaona. Jana naingia, nakuta viti vyangu vya mbao, vile nilivyovitupa uani niliponunua makochi, kavipiga msasa na vanishi, kavishonea mito kwa vipande vya nguo vilivyobaki kazini. Nikamwambia, "Mwanangu, unataka kunivua nguo mbele za watu?" Akacheka. "Mama, mimi si ndiye ninayekuvisha? Hebu kaa kwanza." Nikakaa na hasira zangu, usingizi ukanichukua. Sasa nawaza, akienda kazini nihamishie kwake makochi yangu, bado yana nailoni ya dukani, sijawahi kuitoa, wageni wakiondoka nayarudisha. Nifanye hivyo, au nitamuudhi?

Mama wa Fundi

JIBU

Mama wa Fundi, hongera sana kwa nyumba. Hayo makochi yaache yalipo. Hivi kwenye hiyo nailoni umewahi kusinzia hata siku moja? Mgeni akikaa anateleza, akiinuka inamng'ang'ania mapaja, na wewe mwenyewe nahisi huwa unakaa kwenye mkeka. Kuogopa kuchekwa nakuelewa, dada yangu. Lakini ukivusha makochi hayo utakuwa umemwambia mwanao kwamba kazi ya mikono yake haifai kukaliwa, na neno hilo halirudishwi kama makochi. Mdomo wako ndio uliotangulia, basi uupeleke wenyewe ukarekebishe. Wapitie kina mama leo, waambie makochi hakuna, kuna viti ulivyovitupa wewe akavifufua yeye. Jisifie hilo, maana kunyamaza huwezi. Ukirudi kwako chukua mkasi, chana nailoni, ukae. Wakifika kwa binti, wewe uwe wa kwanza kuketi, na atakayecheka acheke akiwa kwenye mto laini. Nami niwekeeni kiti kimoja, maana hata mimi ulinitangazia kikundini. Tunakuja wote, Jumapili alasiri.