Kamba Iliyolegea

Jumatatu, 4 Machi
Umeme hakuna, mashine imenyamaza. Viti nilivyoagizwa na parokia vina migongo ya mviringo, basi najitengenezea msumeno wa fremu. Nguzo mbili za mbao ya libuyu, mti wa kuzitenganisha katikati. Chini utepe wa chuma kutoka soko la Birere. Juu kamba ya katani, inasokotwa kwa kijiti mpaka utepe ukaze. Anselme, jirani na baba wa ubatizo wa binti yangu, amepita akacheka. “Papa Muhindo, hiyo ni musumeno ao ni gitare?”

Jumanne, 5 Machi
Kamba imelegea. Jana niliiacha imekaza kabisa. Labda fundo langu baya. Nimekaza upya.

Jumatano, 6 Machi
Imelegea tena. Fundo zima. Basi ni mtu.
Anselme naye ni seremala. Naye alivitaka hivi viti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 8 Machi
Jana jioni, kabla ya kwenda kuoga, nilimwaga unga wa mbao mlangoni mwa karakana yangu hapa uani ili nione nyayo. Asubuhi umefagiwa, na kamba imelegea. Mwizi gani anafagia? Mjanja huyu.
Mama mkwe amekuja kutoka Masisi mwezi jana na anashinda nyumbani. Angeweza kuwa ameona kitu. Lakini akinisikia anazunguka nyuma ya nyumba, na mimi natazama pembeni. Ndiyo heshima ya mkwe. Siwezi kumuuliza.

Jumamosi, 9 Machi
Nimenunua kufuli. Kisha nimemwambia Anselme mbele ya wateja wake asiguse tena msumeno wangu. Amevaa kofia yake akaondoka. Nilijiona mwanaume, kwa dakika tano hivi.

Jumatatu, 11 Machi
Jana mvua kubwa. Bati linavuja juu ya meza. Asubuhi nimefungua kufuli, nguzo moja imepasuka toka juu hadi katikati. Kamba imelowa, imejikaza kama chuma. Hakuna aliyeingia. Ni mimi niliyeiacha vile.
Mke wangu ameitazama, akatikisa kichwa. “Papa alikuwa analegezaka kamba kila magaribi, mbao ipumzike. Mama alizani unasahau. Angeanzia wapi kukuambia, wewe mukwe wake?”
Marehemu baba yake alikuwa fundi wa mbao. Nilijua, na sikufikiri. Wiki nzima mama wa watu anasubiri niende kuoga, anaingia, analegeza, anafagia. Mimi natafuta mwizi. Nimeona aibu hadi masikioni.

Jumatano, 13 Machi
Nimekwenda kwa Anselme, nikasema mbele ya wateja kwamba nilimsingizia. Amewahudumia kwanza wateja wote. Kisha amenipa kipande cha libuyu kikavu. Hakucheka. Gitare hakuitaja.

Alhamisi, 21 Machi
Nguzo mpya imeshika. Mgongo wa kiti cha kwanza umekatwa vizuri. Anselme amepita, amegonga kamba ya msumeno kwa kidole kama mpiga gitare, amesema unahitaji sauti. Nimefurahi sana.
Jioni sikulegeza kamba. Makusudi. Nimeacha mlango wazi, nikaenda kuoga, nikakawia. Niliporudi kijiti kilikuwa kinaning’inia. Sakafu imefagiwa.