Chumvi ya Harusi ya Zuhura

Mama,

Sijui salamu za walio hai hupokewaje huko uliko, lakini shikamoo. Nakuandikia alasiri hii nikiwa nimeketi uani kwa Bi Khadija, mikono ingali na mafuta, na ndani wanawake wanapiga vigelegele. Zuhura ameolewa leo. Nimempikia mimi.

Wewe ndiwe uliyeahidi. Tangu mtoto huyo yuko tumboni ulimwambia mamake kwamba pilau ya harusi yake haitapikwa na mkono mwingine ila wako. Kisha ukaondoka kabla ya Ramadhani, na Bi Khadija akaja nyumbani, akakaa kwenye kitanda chako, akasema, basi imebaki kwako. Nikakubali kwa kuona haya. Moyoni sikutaka hata kidogo.

Unajua ulivyonilea. Mpishi asiye na hamu akae kando, ulikuwa ukisema, chakula kitamsema. Ile harusi ya Shela, mjomba wa bwana harusi alipokuudhi, ulijifunga kanga ukaenda zako, na wageni wakala mkate na chai. Wakakucheka, wakakusamehe, wakakuita tena. Mimi nani angenisamehe? Hakuna ambaye angesema Mwanaisha leo hakuwa na hamu. Wangesema pilau ya Bi Amina imezikwa pamoja naye. Hilo ndilo lililoninyima raha wiki nzima.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Tangu tukuzike, sipati ladha ya kitu. Tangawizi, pilipili, ndimu, vyote mdomoni ni maji matupu. Kule hotelini Watamu nimeweza kujificha, kwa sababu mpishi mkuu, Bwana Mutua, hupima kila kitu kwa kikombe, na hakuna sahani itokayo jikoni kabla watu wawili hawajaionja. Ulimcheka sana yule bwana wa bara. Ulisema anapika kama mtu anayechanganya dawa ya hospitali. Niliporudi kazini baada ya matanga hakunipa maneno mengi ya pole. Alinipa aproni na gunia la karoti. Nilimchukia asubuhi ile, lakini hadi kufikia saa ya chakula nilikuwa bado nimesimama.

Basi leo nimepika kama yeye. Kila kiungo nilikipima nikakiweka kwenye bakuli lake, wanawake wakatazamana. Chumvi tu ndiyo niliyoiacha kwenye mkebe wako, niitie kwa kiganja, kwa heshima yako. Kijana mmoja akafungua redio ya kaseti, ikaimba ile taarabu uliyokuwa ukiifuatisha ukikoroga, na akili yangu ikaondoka. Nilipozinduka supu inatokota, mchele umeshaoshwa, na watu wamesimama na masinia wakingoja niseme umiminwe. Sikukumbuka kama nimetia chumvi au sijatia.

Nikachota kwa upawa, nikaonja. Maji. Nikaonja tena.

Mama, nilikukasirikia. Ulinifundisha kupika nikiwa na furaha. Hukunifundisha kupika nikiwa nimefiwa. Nikitia mara mbili, imeharibika. Nisipotia, imeharibika pia, na mchele ukishaingia hakuna dawa. Na sufuria yako haionjwi na ulimi wa mtu mwingine, hilo mji mzima unalijua. Aliyekuwa karibu yangu, akimenya vitunguu saumu, ni Bi Salama. Huyo huyo mliyenuniana naye tangu mimi msichana mdogo, ambaye harusi hii angepewa yeye kama si ahadi yako. Ingetosha aseme imekolea, nami ningeaibika mbele ya watu wote.

Nikampa upawa.

Akapuliza, akaonja. Akanitazama, na nadhani aliona yote. Kisha akainama kana kwamba anaokota kitunguu, akasema chini kwa chini, "Chumvi hujatia, mwanangu. Tia, nikuonjee tena."

Nikatia, akaonja. Nikaongeza, akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye vitunguu vyake. Hakuna aliyejua. Sidhani alifanya vile kwa mapenzi, maana wewe hakukupenda na mimi hanijui. Yeye ni mpishi, na pale palikuwa na chakula cha watu.

Mchele ukaingia, nikapalia makaa juu ya kifuniko, nikakaa nikikitazama mpaka macho yakaniwasha.

Wamekula wakamaliza. Zuhura aliletewa sinia yake chumbani, akanitumia salamu kwamba ahadi yako imetimia. Mimi nimebaki na sufuria, nikakwangua ukoko, ule uliokuwa ukiniwekea mimi peke yangu. Nilikwangua kwa mazoea tu. Nikatia kipande mdomoni, karafuu ikaniuma ulimi, kisha nikaisikia chumvi. Sasa naandika huku nalia na mdomo umejaa.

Pumzika, Mama, Mola akupe nafasi. Wiki ijayo kuna harusi Dabaso, wameshaniita, na nimemwomba Bi Salama twende sote. Usinune. Nikiwa na hamu nitapika, nisipokuwa nayo nitapika. Hiyo hamu yako ikirudi, itanikuta jikoni.

Mwanao,
Mwanaisha