Maliro, Fundi wa Madaraja

Jumamosi, 8/7/2023

Joyeuse alikuya atelier leo asubui. Mutoto wangu hakuyaka hapa bure, juu vumbi ya mbao inamupigishaka chafya. Ananiambia: Papa, unaweza kunitengenezea dé? Mi nikaona kale kadogo ka pande sita, ka kutupa mu muchezo, kazi ya saa moja. — Hapana, Papa. Ya pande makumi mbili.

Makumi mbili!

Miaka makumi tatu niko natengeneza milango, vitanda, viti vya kanisa. Majeneza pia. Hakuna mutu aliniombaka kitu ya pande makumi mbili. Sikuuliza ni ya nini. Tangu Kavira, mama yake, alituacha, miaka mbili sasa, tunakulaka sisi wawili na radio ndiyo inasema. Leo mutoto amesema maneno mingi mara moja, basi mi nikatae?

Nimeharibu vipande tatu vya libuyu, mbao nyekundu ya muzuri ya Beni. Ya mwisho ilitoka kama muhogo.

Jumanne, 11/7/2023

Dé iko tayari! Upande moja iko ndogo kuliko zingine, mais sitasema.

Nikaipeleka mwenyewe, Joyeuse nyuma yangu, kwa Jacob, ule mwalimu wa physique, kwenye Joyeuse anaendaka kila Jumamosi saa nane. Jacob akanieleza. Huu muchezo aliujifunza Kampala, wakati alikuwa anasoma. Hakuna karata, hakuna kuweka makuta, hata franc moja. Kila mutu anavumbua mutu wake: muzaliwa wa Butembo kama sisi, halafu siku moja kitu kinamunyanyua, anajikuta mu inchi ingine kabisa. Inchi kwenye mito inapanda mulima na nyama za pori zinasema! Jacob anasimulia hiyo inchi, bengine banajibu: mi ninafanya hivi, mi ninafanya vile. Dé inaonyesha kama umefaulu: namba kubwa ni muzuri.

Balikuwa bane. Mumoja amehamia Kamango. Banabakia Jacob, Joyeuse na Élysée, mushonaji jirani yetu, mwenye anachekaka mbele maneno haijaisha. Jacob ananiambia: Papa Phinées, ingia wewe. Nikacheka. Na miaka yangu makumi tano na ine! Nikamutazama Joyeuse, nione kama ninamuletea haya. Alitazama chini. Mais hakusema hapana.

Nimerudi na karatasi mu mufuko.

Ijumaa, 14/7/2023

Karatasi inaniuliza mambo kama bureau ya commune. Jina ya mutu wako. Kazi alifanyaka Butembo. Alifika kule namna gani. Anaogopa nini.

Jina: Maliro. Niliona mu kichwa mutu mwenye hilo jina anatembea mbio.

Kazi: niliandika fundi wa mbao. Nikafuta. Nikanywa chai. Nikaandika: fundi wa madaraja. Mutu wangu hajatengeneza jeneza hata moja. Ile ya Kavira niliifanya mimi mwenyewe, nilikataza mutu mwingine kuigusa. Maliro hajui hiyo kazi, na mi sitamufundisha.

Alifika namna gani: alipanda mulima juu ya Mutwanga kutafuta muti. Mvua ikamukuta. Akaingia ndani ya muti mukubwa wenye tumbo wazi, akangojea. Mvua ikaisha, akatokea upande ule mwingine. Kumbe upande ule mwingine haikuwa tena Mutwanga.

Nimeisoma mara tatu. Iko muzuri! Na ni mimi niliandika!

Anaogopa nini: nimeacha wazi.

Jumamosi, 15/7/2023

Eh! Sikujua kama mutu anaweza kufurahi hivi na amekaa tu kwenye kiti.

Mutu wa Joyeuse anaitwa Bénite, muganga wa nyama. Mutoto wangu, mwenye nyumbani anajibuka «ndiyo» na «hapana», kule anaongea kama avocat mbele ya hakimu! Aligombeza mbogo moja mpaka mbogo ikaomba samahani.

Halafu tukafika kwenye mto unapanda. Jacob anauliza: munavuka namna gani? Mi nikauliza: miti iko? — Iko. — Muti gani? Jacob hakujua. Nikamuambia: mwalimu, daraja haijengwake na muti wenye hujui jina. Nikamueleza muti wa kuoza na muti wa kudumu, kamba, misumari ya mbao, kila kitu. Siwezi kusema nilitumia wakati gani. Élysée anasema chai ilipoa. Kisha nikatupa dé — kumi na tisa! Nikaruka. Kiti ikaanguka. Mama wa jirani akachungulia aone nani anapigwa.

Na Joyeuse akacheka, mikono kwenye mbavu, kichwa nyuma. Ni kicheko ya Kavira, ile ile. Sikujua kama aliirizi.

Leo hakuna kulia. Leo Maliro alijenga daraja.

Jumapili, 23/7/2023

Kiisha ibada, shemasi Siméon ananivuta pembeni. Ati amesikia kama niko naingia mu muti na kutokea mu inchi ya mashetani. Nikamuambia: kuya Jumamosi, utaona na macho yako.

Anakuya! Joyeuse amekasirika kidogo. Jacob anaogopa mingi.

Jumamosi, 29/7/2023

Niandike pole pole, juu leo iko mambo mbili.

Ya kwanza. Siméon alikuya na Biblia chini ya kwapa, akakaa karibu ya mulango, tayari kukimbia. Saa nzima alisikiliza tunagombana na mufalme wa mto, mwenye anapigaka makelele na kutukataza kupita. Halafu, mara moja: «Ule mufalme wa mto, anakulaka nini?» Jacob anajibu: samaki. Siméon: «Sasa bamupelekee samaki anyamaze! Munamupigisha makelele bure!» Kidogo tu, ako na karatasi yake. Mutu wake ni muchuuzi wa viazi, aliingia mu muti pamoja na chukudu yake, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, na viazi juu. Jacob anamuambia chukudu haiwezi kupita ndani ya muti. Siméon: «Wewe ulishapita mule?» Chukudu ikapita. Alipoaga alisema mbele ya bote: hakuna shetani hapa, iko tu njaa ya ule mufalme.

Ya pili. Katikati ya hiyo vicheko, Jacob anatuambia: mumefika kwenye muti mwingine wenye tumbo wazi, na upande ule munaona taa ya Butembo. Mwenye anapenda kurudi, arudi. Maliro akakimbia! Hata sikungojea Jacob amalize. Mi nikasema: tuende, Bénite.

Joyeuse akasema: «Bénite anabakia.»

Hakumutazama Jacob. Alinitazama mimi. «Alipata kazi ya kujifunza huku, Papa. Nyama ni mingi, waganga ni bachache. Haiko kama anachukia kwao.»

Hata Élysée hakucheka. Nikaacha maneno ya Maliro, nikatoa yangu: «Na nani atakupikia sombe?»

«Iko batu kule, Papa. Na ninajua kupika sombe. Ni wewe hujui.»

Ni kweli.

Nyumbani akanitolea barua kutoka mu kitabu. Institut moja ya Beni imemukubali: kutunza mifugo, miaka tatu. Banangoja jibu mpaka Ijumaa. Aliifichaka mwezi muzima. Nikamuuliza: juu ya nini hukuniambia? Anajibu: «Nilikuwa natafuta namna. Hapa nyumbani haikuwaka namna.»

Jumatatu, 31/7/2023

Ninakula tu. Yeye pia. Radio inasema.

Nimepiga randa mbao moja mpaka ikabakia kama karatasi.

Jumatano, 2/8/2023

Leo nilichukua mbao za libuyu nilizibakishia mulango wa musharika mumoja — atangoja — nikaanza kupima. Joyeuse aliniletea chakula. Anasimama pale. Anaona urefu, anaona upana. Nikaona uso wake unabadilika, nikakumbuka mbao hii ilitumikaka nini wakati alinikuta ninapima ile ya mama yake. Nikaogopa.

Nikasema mbio: hapana, hapana! Ni sanduku. — Ya nani, Papa? — Ya mwanafunzi mumoja wa Beni. Atatia vitabu, nguo, na kufuli yake, juu kule atakuwa na siri zake.

Alipiga kelele! Aliniruka na vumbi yote, akapiga chafya tano, tukacheka, tukapiga chafya sisi bote. Bugali ikapoa. Haizuru!

Kiisha nikachukua karatasi ya Maliro. Pale nilikuwa nimeacha wazi nikaandika: anaogopa nyumba yenye hakuna mutu anaongea. Nikamuonyesha. Akaisoma, akasema: «Papa, wewe unaongea mingi sasa. Uliza Jacob.»

Jumamosi, 7/10/2023
Beni, commune ya Ruwenzori

Tulifika saa ine. Barabara ilikuwa muzuri, Mungu asifiwe. Nitarudi na voiture ile ile, saa tisa.

Joyeuse atakaa hapa kwa Jokébed, mudogo wa Kavira, muuzaji wa mafuta ya mawese. Sauti yake inasikika mpaka barabara ya tatu. Sanduku tuliiweka, bote banaisifu. Tulikula. Halafu Jokébed anauliza: shemeji, nasikia huko Butembo munaingiaka mu muti? Joyeuse anajibu: «Mama mudogo, Papa atakuonyesha. Hapa yeye ndiye chef wa muchezo.»

Mimi! Sijasimuliaka hiyo inchi hata mara moja.

Nikapasua karatasi za hii kitabu. Bamama bawili ba jirani baliingia kuuliza chumvi, nao banaomba karatasi. Ndiyo maana nina nafasi ya kuandika: banaandika yao, mi ninaandika yangu. Hakuna makelele, ni bic tu.

Jokébed amemaliza wa kwanza. Anasoma na nguvu. Mutu wake alikuwa na shamba mbali ya muji, miaka mingi hakufikaka kule, juu ya vita. Siku moja anaamka, jembe iko mukononi, na shamba iko mbele yake, muzuri, njia wazi. Batu banalima mpaka jua inaingia, banaimba, na hakuna mwenye anageuza kichwa kuangalia nyuma.

Bale bamama baliacha kuandika. Mumoja akasema pole pole: «Mi pia muniweke pale.» Mwingine: «Na mimi.» Jokébed anabaongoza kama mukubwa wa kijiji: wewe utalima maharagi, wewe mihindi, na mutu asiguse mihogo yangu! Banacheka sasa. Banagombania mupaka wa mashamba yenye haiko!

Dereva anapiga honi.

Jokébed ananishika mukono: «Shemeji, tumefika na jembe, mais mbegu hatuna. Kule tutaipata kwa nani?» Batatu bananitazama. Sijui! Lazima nivumbue mutu wa mbegu, sasa hivi, na jina, na nyumba yake.

Honi tena. Joyeuse ametoka inje. Sikumutuma. Sijui kama anaenda kumuomba dereva angoje, ao kumuambia aende. Ninasikia banaongea. Dereva anacheka.

«Shemeji? Mbegu?»

Iko muzee mumoja, nimebaambia, anakaa karibu ya daraja ya Maliro. Honi imenyamaza; ninaweka bic chini, nibasimulie.