Ndoo ya Ishirini

Jumatatu, 10 Machi 2025

Kibanda changu uani kwetu, nyuma ya karakana ya Mjomba Yohane, Lufingo, kimekamilika. Ndoo mbili, vibati vya alumini, umeme mkali. Kibati kinazama kwenye maji yenye dawa ya kostiki (magadi makali) na silikati, cheche zinawaka humohumo majini, kinavaa ngozi ngumu kama bakuli la udongo. Swali la tasnifu yangu ni moja: dawa iwe kali kiasi gani? Gramu tano kwa lita — mapovu tu. Ishirini — cheche kubwa, kibati kimeungua, matundu tele. Sawa na vitabu. Ndoo nimezifunika, nimeziacha uani.

Jumatano, 12 Machi

Sielewi! Ndoo ileile ya ishirini leo imetoa cheche ndogondogo, nyeupe, zinacheza juu ya kibati kizima. Ngozi laini, haina tundu hata moja. Nikarudia. Hivyohivyo! Jamani, vitabu vimekosea?

Nimemtumia picha Dk. Godwin, msimamizi wangu. Kajibu hapohapo: Ijumaa anakuja na mtahini. Eti ni jambo jipya kabisa. Nimeshaongezewa muda mara mbili. Safari hii nikikosa, chuo basi. Naogopa hata kufurahi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimechanganya ishirini mpya. Kibati kimeungua! Mara tatu! Mizani nimeikagua, iko sawa. Au mimi ndiye siko sawa?

Jioni mvua. Mama huyoo, mbio uani kama kawaida yake, anafunua kila chombo kikinge maji ya bati — beseni, sufuria, na ndoo yangu mpya! Nikapiga kelele. Akashangaa: ndoo ina nafasi, mvua inanyesha, uiache imefunikwa? Kumbe Jumanne aliifunua pia ile ya kwanza, ikajaa mpaka ikamwagika, akaifunika vizuri. Alidhani ananisaidia. Na mimi Jumatano niliikuta imejaa, sikujiuliza!

Yaani cheche zangu nzuri ni za dawa iliyozimuliwa. Kwa kiasi gani? Labda kumi. Labda kumi na mbili. Mama hajui, mimi sijui, kipimo sina. Nimemfokea, kisha nikaona aibu. Nimemwandikia Dk. ujumbe, nimeufuta. Nimeandika tena, nimeufuta.

Ijumaa, 14 Machi

Wamefika saa nne, Dk. Godwin na mtahini, Dk. Hellen. Wamekula ndizi za Mama, wamezisifu. Nimewawekea ile ndoo ya zamani, ya mvua. Karatasi yake ya “20” ilikuwa imelowa, nikabandika nyingine. Si uongo, iliandikwa hivyo tangu mwanzo! Au ni uongo?

Cheche nyeupe, laini. Dk. Godwin akapiga makofi. Tutaandika makala, anasema, jina langu, Tulia, litangulie. Nikacheka. Mungu wangu, nilicheka!

Nimekuja chumbani kuchukua daftari la vipimo, mtahini analitaka. Naandika nimesimama. Mvua imeanza. Namsikia Mama mbio uani — leo anafunika. Anawaambia wageni, kwa fahari kabisa, kwamba Tulia kamkataza, asije akaitia ndoo maji ya mvua tena.

“Tena?” Sauti ya Dk. Hellen.

Bati tu linalia. Sasa Dk. Godwin ananiita, kwa majina yangu yote matatu.