Mbegu Haichaguliwi Hivi

Voi, Jumanne usiku

Nimesema hapana, na kesho mume wangu akirudia nitasema hapana tena.

Daktari wa ile kliniki ya uzazi ya Mombasa alipiga simu leo mchana. Viinitete vyetu vitano, mimba changa walizotutungia maabara, viko salama kwenye friji yao, Mungu ashukuriwe, baada ya miaka yote hii ya kungoja. Halafu akaongeza, kama mtu anayeuza pasi: kuna kampuni ng'ambo inaweza kuvipima ituambie kipi kitatoa mtoto mwenye akili zaidi.

Mume wangu Mwakio alifurahi mpaka akasimama. "Si hata mama yako kule Ronge huchagua mahindi ya mbegu? Makubwa ndiyo anatundika jikoni juu ya moshi. Hili ni jambo lile lile."

Nikamwambia mama huchagua kwa sababu anapanga kuyapanda na kula mavuno yake. Mtoto wangu mimi sitamla.

Baadaye akasema polepole kwamba anaogopa tu mtoto asije akateseka shuleni. Hapo nilimwonea huruma. Mimi pia naogopa. Usiku kama huu naogopa sana, na nikianza kufikiria...

Lakini huyo atakayepewa alama ndogo, tumwache kwenye friji kwa kosa gani?

Mimi nilishika mkia mpaka darasa la nane. Siku Mwakio alipokuja na wazee wake kuniposa, walileta mbuzi na pombe ya miwa, wakakaa mpaka jioni. Hakuna aliyeomba kuona ripoti yangu ya shule.

Mtoto wangu naye ataingia nyumba hii hivyo hivyo.